Msikilize mbwa kwanza

Kwa miaka kadhaa sikutaka kabisa kuyasikia Majira Manne, konseto nne za fidla za Vivaldi, mtunzi Mwitaliano. Kisa ni simu. Kampuni moja ya bima iliweka mwanzo wa Machipuko, konseto ya kwanza kati ya hizo nne, kuwa muziki wa kusubirishia wateja: sekunde kama ishirini hivi, sauti inakwaruza, mama mmoja anakatiza kusema simu yangu ni muhimu kwao, kisha muziki unaanza upya. Ukikaa nusu saa hivyo, fidla inageuka mbu sikioni.

Aliyenirudisha ni mbwa.

Konseto hizi, yaani vipande ambamo fidla moja kuu inasindikizwa na ala nyingine, zilichapishwa Amsterdam mwaka 1725 pamoja na mashairi yanayosimulia kinachotokea: ndege, ngurumo, walevi wa sikukuu ya mavuno, mtu anayegonganisha meno kwa baridi. Katika sehemu ya pili ya Machipuko, mchunga mbuzi amelala na mbwa wake yuko kando. Fidla kuu ndiyo mchungaji. Fidla nyingine zinanong'ona kama majani. Chini yake viola, ala kama fidla lakini kubwa na nzito zaidi kwa sauti, inabweka, noti mbili mbili, mwanzo hadi mwisho. Vivaldi mwenyewe aliandika kwenye karatasi ya mpiga viola kwamba huyo ni mbwa anayelia, na kwamba apigwe kwa nguvu muda wote.

Sasa, wapigaji wengi wanamwonea haya huyo mbwa. Sehemu hii ni tamu, ya usingizi, nao hawataki kuiharibu. Kwa hiyo ukitaka kuchagua rekodi yako, usianze na ule mwanzo unaojulikana na kila mtu. Hapo zote zinafanana na sikio limeshachoka. Ruka, nenda kwa mbwa, weka spika za masikioni (spika ya simu inammeza), sikiliza dakika moja tu.

Kwa kikundi cha I Musici na mpiga fidla Felix Ayo, rekodi ya mwaka 1959, mbwa ana adabu kama aliyefungwa nyuma ya nyumba. Fidla zenyewe zinateleza kama samli, na sishangai kwamba watu wengi waliupendea muziki huu hapo. Kwa kikundi cha Il Giardino Armonico, Enrico Onofri akiwa kwenye fidla kuu, mbwa ni mbwa kweli. Siku ya kwanza nilipoifungulia sebuleni, mpwa wangu aliuliza nani anagonga mlango.

Tahadhari moja. Vikundi vinavyotumia ala za mtindo wa kale, zenye nyuzi za utumbo, mara nyingi hutuni ala zao chini kwa karibu nusu toni: noti ya A huwa hezi 415 badala ya 440. Ukizisikiliza papo hapo baada ya rekodi ya kawaida, zitaonekana zimepoa. Kanywe chai kwanza, urudi.

Mpiga fidla Nigel Kennedy na rekodi yake ya mwaka 1989 nampitia haraka. Aliuza nakala zaidi ya milioni mbili na hanihitaji mimi.

Mbwa akishapita, jaribu mvua: sehemu ya pili ya Baridi. Fidla kuu imekaa karibu na moto, na nje matone yanaanguka, yaani nyuzi zinazodonolewa kwa vidole. Wengine huiburuza hadi matone yanakuwa bomba linalovuja. Mimi nataka mvua inayonyesha.

Niliyobaki nayo ni ya Janine Jansen, ya mwaka 2004. Kila sehemu ya ala inapigwa na mtu mmoja tu, kaka yake Maarten yuko kwenye selo, na viola anaipiga Julian Rachlin, ambaye mwenyewe ni mpiga fidla mwenye jina. Mtu wa kiwango hicho amekubali kubweka, na anabweka bila aibu.

Wiki iliyopita niliwapigia tena wale wa bima. Muziki ni uleule. Nikajikuta namsubiri mbwa, lakini wanacho kile kipande cha mwanzo tu. Kabla ya mchungaji kusinzia, mama yule anarudi.