Nakisoma Kiingereza vizuri, mbona masikio yananiangusha?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni nesi katika hospitali moja ya binafsi hapa Nairobi, naishi Kahawa West. Nimefanya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, mara mbili nikitafuta kazi Uingereza. Kusoma nilipata 7.5, kuzungumza 7, lakini kusikiliza nilipata 6, kisha 6.5. Nimekariri orodha ya maneno 3,000 niliyouziwa, nimerudia sarufi yote ya sekondari, na kila asubuhi kwenye matatu natia waya masikioni nasikiliza BBC. Sasa kuna mtu wa WhatsApp anasema ana karatasi za mtihani ujao, pamoja na orodha nyingine kubwa zaidi. Je, ninunue?

JIBU: Sijambo, dada. Usinunue chochote. Aliyepata 7.5 katika kusoma hana njaa ya maneno, na hili ndilo jambo linaloniumiza kila wiki: watu werevu kabisa wanaambiwa kwamba hawasikii kwa sababu msamiati wao ni mdogo, wanaamini, wanalipa.

Jipime mwenyewe leo jioni. Chukua zoezi la kusikiliza lililokushinda, ufungue maandishi yake, uyasome kimyakimya. Ni maneno mangapi hapo huyajui maana? Wanafunzi wangu wengi huhesabu mawili, pengine matatu. Yaliyobaki yote wanayajua tangu darasa la sita. Waliyajua kwa jicho. Sikio halijawahi kukutana nayo jinsi yanavyotamkwa na Mwingereza mwenye haraka.

Kiswahili huipa kila silabi haki yake. Ukisema nimekuletea, hakuna silabi inayomezwa, na irabu zetu tano hubaki zilezile popote zinapotua. Kiingereza chetu cha Kenya kimerithi tabia hiyo. Sisi tunasema “comfortable” kwa silabi nne, kila moja ikisikika. Mwingereza atasema kitu kama “kamftabl”, ameshika silabi moja kwa nguvu na zilizobaki amezikanyaga. “A couple of tablets” kwake ni “akapla tablits”. Ile “of” unayoisubiri haiji kamwe, na wakati wewe unaisubiri, sentensi imeshapita.

Shule hazikutusaidia hapa. Katika KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza, lakini zote hupimwa kwa kalamu. Mtahiniwa anapiga mstari chini ya silabi yenye shadda bila kusikia sauti ya mtu yeyote. Unaweza kupata alama zote 30 na sikio lako lisiwe limefanya kazi hata dakika moja. Simlaumu mwalimu wako. Nasema tu kwamba pengo lako lina historia, na haliwezi kuzibwa kwa orodha.

Mfano ulio karibu na kazi yako ni “can” na “can't”. Wengi wetu huitega herufi t mwishoni. Katika mazungumzo ya kasi t hiyo hupotea kabisa, na kinachotofautisha ni nguvu ya irabu: “you can take it” husikika “yukntékit”, “can” ikiwa kama haipo, “you can't take it” ina “kaan” ndefu, nzito. Ukisikia neno hilo kwa uzito, mara nyingi ni katazo. Vivyo hivyo “fifteen” na “fifty”: sikiliza uzito umeangukia silabi ya pili au ya kwanza. Wewe unajua tofauti ya miligramu 15 na 50.

Na sarufi? Sarufi unaihitaji sana, ila umeirudia mahali pasipo na shida. “He's given”, “he's been given”, “he was given”: kwenye karatasi unazitofautisha ukiwa umefumba macho. Kwa sauti, kinachozitenganisha ni kijisauti kimoja dhaifu, na hapo ndipo panapoamua kama mgonjwa ametoa au amepewa. Anayejua sarufi kwa sikio hujaza kile asichokisikia, maana anajua ni nini tu kinachoweza kukaa hapo. Hii ndiyo kazi halisi ya sarufi katika kusikiliza.

Basi rudi kwenye imla, ileile ya shule ya msingi. Tafuta sauti ya dakika moja yenye maandishi yake rasmi. BBC Learning English wanazo bure, na wenye mtihani wenyewe, yaani British Council, IDP na Cambridge, wameweka mazoezi ya bure mtandaoni. Sikiliza mara moja bila kalamu. Kisha andika kipande kwa kipande, ukirudia mara tatu au nne, usizidishe. Sasa linganisha na maandishi. Neno usilolijua litie buluu. Neno unalolijua lakini hukulisikia litie nyekundu. Miisho iliyokuponyoka, -s, -ed, pamoja na “a” na “the”, izungushie duara. Utashangaa ukurasa ulivyo mwekundu. Hizo nyekundu ndizo ulizokuwa ukilipia dawa ya buluu.

Baada ya hapo cheza tena sauti na useme pamoja na msemaji, kwa kasi yake, ukimeza anapomeza. Sikuambii utweng, kama vijana wa hapa wanavyosema, yaani uigize lafudhi ya Kizungu. Mkenya anayeongea Kiingereza cha Kenya kwa ufasaha hana kosa lolote, na alama yako ya 7 katika kuzungumza ni ushahidi. Unaiga kwa dakika tano ili sikio lizoee, basi. Dakika 20 kila siku, mezani, penye utulivu. Kusikiliza kwenye matatu ya Thika Road hakukudhuru, lakini usikuhesabu kuwa mazoezi. Muziki wa dereva na honi vinakupokonya zile sauti hafifu unazozitafuta. Hata filamu zenye maandishi chini ya picha hazihesabiki, kwa sababu jicho linasoma na sikio linalala.

Kuhusu mtihani wenyewe nitasema machache, maana umeshaufanya. Sauti huchezwa mara moja tu. Msemaji hupenda kutaja saa au namba kisha akajisahihisha, kwa hiyo usitue kalamu mapema. Tahajia ikikosewa, jibu limekosewa. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka 7 katika kusikiliza, na hiyo ni majibu sahihi 30 hivi kati ya 40. Kwa 6.5 yako uko karibu sana.

Sasa huyo wa WhatsApp. Nimempokea mwanafunzi aliyenunua “karatasi zilizovuja”, akakariri majibu 40 usiku kucha, akaingia chumbani akakuta sauti asiyoijua kabisa. Alilia mbele yangu, na namba ya muuzaji haikupatikana tena. Wengine wanaahidi kiwango cha 7 kwa wiki mbili, wengine wanauza sauti za kusikiliza ukiwa umelala, wengine insha za kukariri. Wote wanawinda watu wa aina moja: wauguzi, walimu, vijana waliokwisha kukopa kwa ajili ya safari. Hakuna sikio lililofunzwa kwa wiki mbili. Na hata kama karatasi zingekuwa za kweli, udanganyifu ukigunduliwa matokeo yanafutwa. Ukipita kwa hila hiyo utafika wodini kule, saa nane usiku, daktari akupigie simu akutajie dozi kwa haraka, kwa lafudhi ya Scotland. Huko sauti huja mara moja pia, na anayesubiri jibu ni mgonjwa.

Usilipie tarehe ya mtihani bado. Fanya imla wiki sita, ukibadilisha wasemaji: Mwingereza, Mwaustralia, Mmarekani, wanaume kwa wanawake. Siku nyekundu zitakaposhuka chini ya tano kwa dakika moja, kwa wasemaji watatu tofauti mfululizo, ndipo ujiandikishe. Daftari hilo usilitupe. Nipigie picha kurasa mbili, ya siku ya kwanza na ya mwisho, uniandikie. Na yule muuzaji mzuie leo, kabla hajakutumia “punguzo”.