Malaria mara saba kwa mwaka

Swali lenu la wiki hii, "Umewahi kumsaidia mtu mpaka ukajisahau mwenyewe?", nimelisoma nikiwa dukani Kariakoo. Nikasema haya, leo nimetajwa.

Mdogo wangu anaendesha bajaji ya mkataba huku kwetu Tandika. Siku akiinywa hesabu ya tajiri, nalipa mimi. Asipoamka, napiga simu mimi: "Samahani baba, kijana ana malaria." Mwaka mmoja malaria hiyo ilifika mara saba, mpaka tajiri akaniuliza kama mbu wa Tandika wana ugomvi naye. Hela ya kikoba ilikwenda huko. Ilipokwisha nikaingia kwenye mikopo ya kausha damu, na binti yangu akarudishwa nyumbani kwa ada. Watu wakanisifu: "Dada una moyo!" Sifa hizo, nisiwafiche, nilizipenda.

Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilishangilia, nikadhani serikali imenimalizia kazi. Wiki haikuisha, akahamia chupa.

Lakini kilichonizindua siyo kunywa kwake. Ni kuacha. Kuna kipindi alikaa wiki tano hajagusa, na mimi badala ya kushukuru nikawa sikaliki. Napekua mifuko, nanusa shati, namgombeza kwa chumvi ya mboga. Nilikuwa kama mlinzi ambaye wezi wamehama mtaa. Mshauri nasaha mmoja aliniuliza: "Asipokunywa, siku yako wewe inaanzaje?" Nilikosa jibu, nikalia pale pale.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Lois Wilson wa Marekani, mke wa Bill, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1935. Mume kaacha pombe, anahudhuria mikutano yake, na mke siku moja akamrushia kiatu kwa hasira! Baadaye, mwaka 1951, Lois na mwenzake wakaanzisha Al-Anon, ambayo ni ya ndugu na wenzi wa walevi, siyo ya walevi wenyewe. Nilicheka sana. Kiatu kile nakijua.

Najua wapo watakaowajibu "achana naye". Kwa ndugu wa tumbo moja, maneno hayo anayaweza mtu asiye na mama. Mimi sikumwacha, niliacha kusema malaria. Chakula changu anakula, hesabu yake anaijua mwenyewe. Mama alininunia wiki mbili.

Mwezi uliopita tajiri alinipigia asubuhi. Ulimi ukaanza wenyewe, "Baba, ana mala...", nikajing'ata. "Muulize mwenyewe, baba." Mikono ilinitetemeka mpaka nikakosea kumrudishia mteja chenji. Mdogo wangu hakupokea simu zangu siku mbili. Ya tatu akaja usiku, akala ugali wake kimya, akaosha sahani, akaondoka.

Msomaji, Tandika