Ati wanachama wa vyama vya siri ndio watumiaji wakubwa wa madawa? Ngoja niseme ya kwetu Tanga

Mkuu umeuliza kama ni kweli Freemason na vyama vya udugu kama hivyo wanakula madawa kuliko sisi raia wa kawaida, na watatu hapo juu washakujibu ndio bila hata mmoja kusema yeye alikaa chama gani. Basi waache Freemason na jengo lao la Sokoine Drive kule Dar, marehemu mzee Andy Chande alikua mkuu wao Afrika Mashariki na alijitangaza mwenyewe mchana kweupe. Mi nakupa ya udugu niliokaa ndani yake, maana nimekua mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana hapa Ngamiani miaka tisa. Na msicheke, sie watu wa pwani hayo mambo ya kuungana tumerithi, babu zetu walikua na beni, vile vikundi vya ngoma, hapa hapa Tanga, Marini na Arinoti, watu na vyeo vyao na magwanda, na mwenzao akifa wanamzika.

Sasa kuhusu kutumia, chamani kulikua kama mtaani tu. Madereva wa njia ya Horohoro mirungi kama kawaida (ng'ambo ya pale kwa Wakenya ni zao halali, ukivuka nayo huku ni kesi), vijana wawili watatu bangi, wazee fulani mnazi na wanaswali hao hao. Wa unga, yani heroini, alikua mmoja. Tofauti niliyoiona mimi ni moja, mtaani mtu akianza unga wiki haiishi kila mtu anajua, anaitwa teja mpaka na watoto wa madrasa, lakini kwetu yule jamaa alikaa karibu miaka miwili hajulikani na aliyemficha ni mimi.

Ilikua hivi. Alianza na kokteli, ile ya kuchanganya unga kwenye bangi, akijua ni bangi tu imekolea. Mtu mwenyewe wa kujituma, kwenye msiba wa kwanza kufika ni yeye na wa mwisho kuondoka ni yeye, ndio maana ufunguo wa stoo tulimpa. Yakaanza kupotea majamvi. Halafu sufuria kubwa moja la pilau, halafu lingine. Mi kwenye daftari naandika "limeazimwa", kwa mkono wangu, kwasababu alinifata usiku akalia akasema kaka nitarudisha, na huyu mtu ndio aliyeingia kaburini kumpokea mama yangu, utamsema vipi? Siku moja nikamkuta nyuma ya stoo kajikunja, kamasi zinatoka, anapiga miayo kama hajalala mwezi, vipele vya baridi mwili mzima na jua la Tanga mnalijua, anasema mifupa inauma kutokea ndani. Arosto hiyo, mwili unadai unga. Nikampa elfu tano. Nilijua inaenda kununua kete ya unga na nikampa, nikaandika nauli.

Kilichotufumua ni msiba wa Makorora, turubai hakuna. Mwenyekiti akaomba daftari, akasoma "limeazimwa" ukurasa mzima, akaniangalia mimi. Hakumuuliza yeye hata neno.

Kikao kilikua kikali wakataka tumfukuze, bibi mmoja wa upande wa akina mama akasema mkimfukuza akifa mtamzika hamtamzika? Kimya. Akabaki ila ufunguo akanyang'anywa, na mimi pia nikapigwa faini, haki yangu kabisa.

Alienda soba hausi, nyumba ya kuachia madawa, akakaa miezi, akatoka, akarudi kijiweni, akaanza tena. Watu wanaona huo ndio mwisho wa mtu, sio kweli, wengi wanarudi mara mbili tatu kabla hawajashika. Kilichomshika yeye ni methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa watu wa unga. Zamani ilibidi uhamie Dar, kule Muhimbili ndio walianza 2011, siku hizi hospitali ya Bombo hapa wanatoa na ni bure. Unakunywa kila siku mbele ya mhudumu, hupewi ukaondoke nayo mwanzo mwanzo, wanaanza na dozi ndogo wanapandisha taratibu mpaka arosto ikae kimya. Unga unaisha mwilini ndani ya masaa machache ndio maana teja anahangaika kutwa, hii inakaa siku nzima kwaio mtu anapata muda wa kubeba zege. Wapo wanaosema ni kuhamisha ulevi tu, hao hawajawahi kuandika "limeazimwa".

Na kitu kingine kilinichekesha, kule anahudhuria vikao vya NA (Narcotics Anonymous, waraibu wanaosaidiana kuacha), navyo ni udugu vilevile, walianza Marekani 1953, ila wao mtu anasimama anataja jina lake anasema mi mraibu, wenzake wanamuitikia. Aliponihadithia nikawaza kwetu vikao vyote hivyo tulikua tunasoma salio.

Bado yupo chamani. Mwaka jana tulitaka kumrudishia ufunguo wa stoo akakataa mwenyewe, kasema mgosi weka mbali na mimi hiyo kitu. Juzi tulikua na maziko ya saa saba, nimefika makaburini nikijua nimewahi, nikamkuta katoka kunywa dozi yake dirishani Bombo zamani, yuko ndani ya shimo limeshamfika kiunoni anagomba jembe lingine liko wapi.