Taa ya oili ikianza kupepesa, usikimbilie kemshafti mpya

Corolla yangu ya injini ya 4A-FE imeshapita kilomita 340,000. Siku moja natoka Muheza na magunia ya machungwa, nikasimama Ngamiani, Tanga, kushusha mzigo. Injini imeshapata moto, iko silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, taa ya oili ikaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta kidogo, taa inazimika. Huku juu, chini ya kava ya tapeti (kifuniko cha juu cha injini), kuna mlio wa kugongagonga.

Gereji ya kwanza waliniambia niweke oili nzito niendelee na kazi. Nikaweka. Wiki tatu nilizoendesha hivyo ndizo zilizomaliza hedi, kile kichwa cha injini.

Fundi wa pili, mzee wa makamo, alikataa kubashiri. "Mwanangu, tufungue, tupime." Kwenye injini hii jonali za kemshafti (mhimili unaofungua valvu), yaani zile shingo za duara zinazoshikwa na vifuniko, hazina beringi za kubadilisha. Chuma kinazunguka juu ya alumini ya hedi yenyewe, na kinachovitenganisha ni utando wa oili tu. Nilipitisha ukucha ndani ya kifuniko cha tatu, ukakwama kwenye mifereji.

Tulifuta oili yote, tukalaza kipande cha uzi wa Plastigage, uzi laini wa kupimia nafasi, juu ya kila jonali, tukafunga vifuniko kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), Nm 13, bila kuzungusha kemshafti hata kidogo, kisha tukafungua. Uzi ukitandazika sana, nafasi ni ndogo. Ukibaki mwembamba, nafasi imezidi. Inatakiwa milimita 0.035 hadi 0.072, mwisho kabisa 0.10. Ya tatu ilisoma kama 0.13. Tukapima jonali yenyewe kwa maikromita: milimita 22.95, bado nzima! Kumbe iliyoliwa ni hedi. Kemshafti mpya ingekuwa hela ya bure.

Kuna watakaokushauri upunguze uso wa kifuniko kwa msasa ili kibane. Usikubali. Tundu litakuwa na umbo la yai, isipokuwa hedi nzima ipelekwe kwa fundi tona (wa mashine ya kuchonga vyuma) achonge matundu yote upya kwa mstari mmoja. Mimi nilinunua hedi ya mtumba pamoja na vifuniko vyake, maana hutobolewa pamoja kiwandani na havichanganywi na vya hedi nyingine. Nayo niliipima kwa uzi wa aina ileile kabla ya kulipa. Mikwaruzo midogo ya kemshafti tuliisugua kwa msasa namba 1000 wenye oili, tukaiosha vizuri.

Lakini kabla ya kufunga chochote, shusha sampo, lile karai la oili chini ya injini. Yangu ilikuwa na chujio la kunyonyea oili lililozibwa na nyuzinyuzi za silikoni nyekundu, za mtu aliyewahi kuifunga kwa kupaka bila kipimo. Bila kuzitoa, hedi niliyonunua nayo ingeliwa kwa kukosa oili. Siku hizi silikoni kwenye sampo napaka mwenyewe: mstari mmoja, milimita 3 hadi 5, basi.