Uanze na kipi kati ya vitabu vinne vya Hannibal Lecter

Kaka wa Moshi uliyeuliza uanze na ipi kati ya riwaya za Thomas Harris kuhusu Hannibal Lecter, daktari wa akili anayeua na kula watu, fuata mwaka wa kuchapishwa, si umri wa mhusika. Red Dragon (1981), The Silence of the Lambs (1988), Hannibal (1999), ndipo Hannibal Rising (2006). Wapo wanaoanza na hicho cha mwisho kwa kuwa kinasimulia utoto wake, na hapo ndipo wanapojiharibia: Lecter anatisha kwa sababu haelezeki, nacho kinaeleza kila kitu.

Wanaolalamika kwamba Red Dragon kinamfichua muuaji mapema wanasema kweli, ila wanatafuta kisichokuwemo. Humo swali si nani kaua. Muuaji, ambaye si Lecter, anavamia familia nyakati za mwezi mpevu, kwa hiyo Graham, mpelelezi anayemsaka, anashindana na kalenda. Kila sura siku zinapungua. Ukikisoma kama fumbo la kumtafuta mtu, utachoka katikati.

Hannibal kina damu nyingi, na mwisho wake wapo wasiousamehe mpaka leo.

Ukipata nakala za mtumba huko Moshi au Arusha, kagua kurasa za mwisho kabla hujalipa. Gundi ya mgongo ikikauka, kurasa hudondoka, na riwaya ya aina hii bila mwisho ni hasara tupu.