Kabla ya kikao cha Jumapili, mpeleke binti hospitali

Dada uliyeuliza kutoka Igoma, hapa Mwanza, sitaanza kwa pole, kwa sababu saa zinakwenda. Umeandika kwamba binti yako wa kidato cha tatu, mwenye miaka 16, alilazimishwa na mpenzi wake jana usiku, kwamba familia ya kijana inakuja Jumapili kuyazungumza, na kwamba hospitali mtakwenda baada ya kikao ikionekana ipo haja. Haja ipo sasa hivi. Dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, na kadiri mnavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hupungua nguvu kadiri mnavyochelewa. Kikao kinaweza kusubiri hata mwaka.

Mimi nilingoja. Binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea hapa Kirumba, alikuwa na mpenzi aliyebeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni. Kijana yule alidai namba ya siri ya simu yake, akamchagulia marafiki, na siku moja akampiga kibao kwenye kituo cha daladala kwa kosa la kumsalimia mwanafunzi mwenzake. Nilipoambiwa nilicheka, nikasema huo ni wivu tu, mapenzi yamekolea. Usiku aliporudi sketi ikiwa imechanika pindoni, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumchemshia maji aoge, na la pili kuiloweka sketi ile kwenye beseni la bluu kwa sabuni ya unga. Niliisugua mpaka vidole vikachubuka. Mtaani nasifika kwa kufua, na siku hiyo niliufua ushahidi ukatakata.

Akaja mzee mmoja wa mtaa, ambaye simtaji kwa kuwa bado tunakutana misibani, akatuambia kwamba tukienda polisi binti ataharibikiwa jina na hataolewa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kijana ni mtoto wa shemeji yake. Basi jina lililokuwa likilindwa ni la nani? Kikao kilichukua siku mbili, pamoja na kreti ya soda na bahasha ya kaki iliyotajwa kuwa na laki tatu. Soda nilikunywa, tena nikashukuru. Siku ya tano alfajiri kijana alipanda meli ya Nansio, na bahasha tulipoifungua ilikuwa na laki moja na nusu, maana hata kudhulumiwa tulidhulumiwa nusu bei. Hospitali tulifika siku ya sita. Daktari aliuliza sketi iko wapi, nikamjibu kwamba iko kabatini, imepigwa pasi.

Dawa ya kinga haikuwa na kazi tena. Alipimwa, tukaambiwa turudi baada ya miezi mitatu, na kwa miezi hiyo yote binti alikiosha kikombe chake peke yake na kukiweka mbali na vya wadogo zake, ingawa nilimweleza mara nyingi kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe. Majibu yalikuja salama, lakini hapo sina sifa yoyote ya kujitwalia.

Kwa hiyo asioge; na kama ameshaoga, nendeni hivyo hivyo. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, usitumie nailoni kwa sababu zitavunda. Kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, uombe fomu ya PF3, ambayo daktari ataijaza na mahakama itaisoma. Wakikuzungusha, tangulia hospitali, fomu ifuate. Atakayekuambia kwamba binti alikubali kwa kuwa ni mpenzi wake, mjibu kwamba kwa mtoto wa miaka 16 asiye mke wa mtu Kanuni ya Adhabu haiulizi kama alikubali, na kwamba mtu mzima akipatikana na hatia ya ubakaji kifungo hakipungui miaka 30. Kesi hiyo ni ya Jamhuri, wala hakuna mjomba mwenye mamlaka ya kuipokelea bahasha. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure.

Uliuliza pia kuhusu kumhamisha shule na kumnyang'anya simu. Hayo tutayajadili wiki ijayo. Uliandika saa sita mchana, na sasa inakaribia saa tisa. Niambie kama mmeshatoka nyumbani.