Tsunami "ililipua" kinu au kinu "kiliyeyuka"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tumebishana na mwenzangu kuhusu ile ajali ya Fukushima kule Japani, yeye anasema "tsunami ililipua kinu cha nyuklia", mi nasema "kinu kiliyeyuka". Nani kapatia?

Jibu: Marahaba. Kila mmoja kashika kipande, ila hapa kitenzi kina kazi kubwa sana maana mtu akisikia kinu cha nyuklia kimelipuliwa anawaza bomu la Hiroshima, na haikuwa hivo hata kidogo.

Tuanze na mwenzio. Lipua inataka mtendaji, yule aliyewasha baruti, na tsunami haikuwasha kitu. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za kule, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga, vinu vitatu vilivyokuwa kazini vikajizima vyenyewe, umeme wa gridi ukakatika, majenereta ya dizeli yakawaka, mpaka hapo mambo yanaenda. Kama dakika 50 baadaye likaja wimbi la mita kama 14, na kituo kilijengwa kwa hesabu ya mawimbi yasiyofika hata mita 6, maji yakajaa vyumba vya chini walikoweka majenereta na kila kitu kikazima. Kwahiyo tsunami ilizima umeme wa kupozea vinu, haikulipua.

Sasa wewe. Kinu kilichozimwa ni kama moto wa makumbi, juu majivu chini bado unafukuta, ndo maana lazima kipozwe siku nyingi. Maji ya kupozea yalipokauka fueli, yaani ile urani ndani ya kinu inayotoa joto, ikayeyuka. Fueli, sio kinu kizima kama samli juani.

Na kulipuka kupo pia, lakini kilicholipuka ni gesi ya haidrojeni, iliyotoka pale mvuke ulipokutana na metali ya moto inayofunika fueli, ikajikusanya ikarusha mapaa. Angalia hili: kinu namba 2 fueli yake iliyeyuka lakini jengo halikulipuka, namba 4 jengo lililipuka, kwa gesi iliyopenya kutoka namba 3, na fueli yake haikuyeyuka! Ndo maana nasisitiza, kuyeyuka na kulipuka ni vitu viwili, usivichanganye. Sema "jengo la kinu lililipuka", kwa lipuka, bila kumtafuta mlipuaji.

Hukuuliza ila naongezea, maana inaniuma kila nikiisoma: "mionzi ilivuja". Kwenye maongezi sawa, ila kinachovuja ni vitu vyenye mionzi, kama iodini na sesiamu. Kaa la moto likirushwa kwenye mkeka wa jirani hatusemi joto limerushwa, tunasema kaa. Watu zaidi ya laki moja na nusu walihama makwao, na kilichofanya wengi wakae miaka bila kurudi ni vumbi lililotua kwenye mashamba na mapaa likabaki hapohapo. Ukiandika mionzi tu, msomaji anadhani ni mwanga uliomulika ukapita.